Kutoka Dixon Hadi Markham Kabla ya Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 29 Novemba 2010

Basi la Markham, narudi nyumbani. Nimepata kiti! Nyuma kabisa, karibu na panapotoka joto.

Nimeanza kuandika kwa sababu nikikaa bure nasinzia, na nikisinzia napitiliza. Wiki iliyopita nimepitiliza mara mbili. Mara ya pili ni dereva aliyeniamsha, mwisho wa njia huko, mate yamenitoka hadi kwenye skafu. Aibu gani hiyo! Mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Kwa hiyo daftari. Nililinunua kwa ajili ya mwanangu Sara, akasema mistari yake ni ya kitoto. Miaka tisa, na tayari kuna vitu vya kitoto! Haya, la kwangu.

Niiandike safari yangu ya hapa Kanada mara moja, nisiirudie tena. Natoka ghorofani Dixon saa kumi na moja na robo alfajiri. Basi hadi Lawrence, tumo majirani wote humo, Wasomali, Waghana, mimi Mngoni peke yangu, hakuna anayemsemesha mwenzake. Kila mtu na usingizi wake. Treni ya chini ya ardhi hadi Finch. Finch napanda basi la Markham, ambalo ni la serikali nyingine, kwa hiyo tiketi nyingine, eti tumevuka mpaka. Mpaka gani! Barabara tu, upande huu wanauza donati, upande ule wanauza donati. Halafu robo saa kwa miguu, maana Markham kila nyumba ina magari mawili, na wakikuona unatembea wanafunua pazia. Saa moja na nusu ndiyo nabonyeza kengele ya akina Madatali. Jioni naigeuza safari hiyo hiyo.

"Shikamoo Mzee." "Marahaba. Umekuja na nini leo?" Kila siku ananiuliza hivyo. Mzee Madatali ana miaka themanini na tatu, Mwismailia wa Tabora, alikuwa na malori yake huko na aliyaendesha mwenyewe hadi Mpanda. Ukimwambia habari ya chombo chochote kinachokwenda, macho yanamtoka. Namjibu mabasi mawili na treni, anatikisa kichwa. Naye ndiye kazi yangu: namwogesha, namlisha, namtembeza ukumbini, nazungumza naye Kiswahili. Hicho cha mwisho ndicho hasa walichonichukulia.

Leo Zeena, binti yake, kanisubiri mlangoni. Kazini kwake wamebadilisha saa, anafanya kazi na watu wa London. Kuanzia tarehe 3 Januari anatoka nyumbani saa kumi na mbili kamili asubuhi, na saa tisa amesharudi. Mzee haachwi peke yake, mwaka jana alianguka bafuni. Kwa hiyo mimi niwe pale kabla ya saa kumi na mbili. Kaongea kwa upole, Kiswahili chake nusu nusu. Tunakupenda, Baba anakupenda, lakini kama haiwezekani niambie mapema nitafute mtu wa karibu.

Nimesema itawezekana. Mdomo huu!

Lakini saa tisa, jamani. Sara anatoka shule saa tisa na nusu. Siku hizi nikifika nyumbani amekwisha lala kwa jirani yangu Farhat, namchukua begani kama gunia, na alfajiri namrudisha hajafumbua macho. Mtoto ananijua kwa harufu.

Alhamisi, 2 Desemba

Finch, kituoni, miguu imeganda.

Nimemuuliza Générose. Mkongo huyu, anakaa Regent Park, anafagia ofisi Markham mwaka wa sita sasa. Tramu, treni, basi, zote anazijua kuliko wenye nazo. Kahesabu kwa vidole, kafumba macho, kahesabu tena. Hakuna. Hata nikitoka kwangu nikiwa nimevaa tangu jana, basi la kwanza la Markham linanifikisha saa moja kasoro.

"Bwana yako hana motokari?"

Anayo. Iko chini ya jengo, imeshika vumbi.

"Na we unakuya kuteseka na bisi!" Kacheka hadi kakohoa. Mimi sikucheka.

Jumapili, 5 Desemba

Kitandani, wenyewe wamelala.

Mume wangu Erick karudi jana kutoka Calgary. Ana lori refu kama treni, anakwenda siku nne, anarudi siku nne, na akiwa hapa anakoroma. Nimemsubiri amalize wali ndipo nimwambie habari ya Zeena. Kaweka kijiko chini. Kasema, basi leseni.

Leseni ninayo, ila ya kujifunza, tangu Aprili mwaka jana. Masharti yake: pembeni yako akae mtu mwenye leseni kamili ya miaka minne, na kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri usiguse barabara. Erick alikuwa anifundishe tangu wakati wa maua. Maua yakaja yakaondoka. Tumepiga simu, tarehe ya karibu kabisa ya mtihani ni Ijumaa, 21 Januari. Kaahidi kuomba likizo, toka tarehe 3 mpaka siku ya mtihani atakaa pembeni yangu kila alfajiri. Kaapa. Nimemwona anaapa.

Mchana tukaenda kiwanja cha maegesho cha supamaketi. Breki! Breki, mama! Nimekanyaga! Hujakanyaga! Sara nyuma kaziba masikio. Nikamwambia Erick asinipigie kelele, mimi si lori. Akanyamaza nusu saa nzima, na nusu saa hiyo ndiyo nimejifunza kitu.

Jumanne, 14 Desemba

Treni. Nimesimama, naandika nimeegemea mlango, mwandiko wa kuku.

Mzee kauchukulia mtihani wangu kuwa wake. Leo baada ya uji kanipa sinia nishike kama usukani, mezani pale jikoni. Yeye kushoto kwangu, kisha kakumbuka Kanada dereva hukaa kushoto, kahamia kulia. Kioo! Tazama kioo! Nikamwambia Mzee, hiki ni kikombe. Kasema, ndicho kioo, tazama. Kanipeleka hivyo hadi Mpanda na kunirudisha, mito miwili tumevuka, chakula cha mchana kimepoa.

Gari lake mwenyewe Zeena aliliuza baada ya Mzee kugonga mlango wa gereji. Halisemi sana jambo hilo. Akilisema, anageuza uso.

Nimecheka leo. Ni muda sijacheka.

Jumamosi, 25 Desemba

Kanisani asubuhi, pilau mchana. Ndege zimepita juu ya jengo letu siku nzima, watu wanakwenda kwao, kila ikipita vikombe vinatetemeka kabatini. Mimi mwaka wa saba sijapanda.

Jioni njia tupu kabisa, Erick kaniachia usukani toka kanisani hadi nyumbani. Hakupiga kelele hata mara moja! Sara kasema kwa Kiingereza chake kwamba leo hakuogopa. Zawadi hiyo.

Jumatatu, 3 Januari 2011

Nyumbani. Saa kumi na nusu jioni. Niandike tena: saa kumi na nusu jioni, na niko nyumbani!

Alfajiri nimeendesha mimi, Erick pembeni na chupa yake ya chai. Barabara ya Steeles moja kwa moja, barabara kuu sijaigusa, leseni yangu hairuhusu. Dakika arobaini. Arobaini! Zeena alikuwa bado anachana nywele. Mzee kauliza umekuja na nini leo, nikamwambia nimekuja na gari, mwenyewe. Kanipigia makofi.

Saa tisa Erick kanifuata. Nimemkuta Sara anashuka kwenye basi la shule, la njano, kibegi mgongoni. Aliponiona alisimama kwanza. Nadhani alifikiri kuna mtu amekufa. Halafu akakimbia. Tumekaanga ndizi, kanieleza mambo ya mwalimu wake, sijui nusu yake nimeelewa, Kiingereza mbio mbio, lakini nilikaa na kumtazama mdomo tu. Roho yangu leo nyeupe.

Ijumaa, 7 Januari

Kampuni imempigia Erick. Dereva mmoja kavunjika mguu, mzigo wa Calgary lazima utoke Jumapili, na huko asubiri siku kadhaa mzigo wa kurudi nao. Kakataa. Wakampigia tena. Safari hii hawakuomba, walimweleza kwamba wapo wanaotaka lori lake. Kaja kukaa ukingoni mwa kitanda, hajui aanzie wapi. Sikumlaumu. Ningemlaumu angalau ningepata usingizi.

Kasema niongee na Zeena, wiki mbili tu.

Jumapili, 9 Januari

Erick kaondoka saa nne. Tumemsindikiza mimi na Sara hadi yadi ya malori, tukasimama kwenye upepo hadi akatoka getini.

Nimeongea na Zeena kwa simu. Hakukasirika, ingekuwa nafuu. Wiki mbili hana, kazi ni mpya, hawezi kuanza kwa kuchelewa. Kanipa kitanda cha chini kwao, nilale huko Jumatatu hadi Ijumaa. Ni wema, najua ni wema. Nikamuuliza na mtoto? Kasema kitanda ni kidogo. Nikamwambia basi nimeshapata mtu wa kunisindikiza kwenye gari. Akashukuru sana. Nimedanganya Jumapili, nimetoka kupokea komunyo.

Mtu huyo hayupo. Farhat haendeshi. Teksi kutoka Dixon hadi Markham kila siku, ningekuwa namfanyia kazi dereva teksi. Générose kasema mulize padri! Padri mwenyewe anakuja kanisani kwa basi.

Nimechoka. Sina neno lingine, nimechoka, miguu, mgongo, mpaka kope. Nimekaa na funguo za gari mapajani saa nzima.

Jumatatu, 10 Januari

Nimefanya.

Nimeegesha mtaa wao, saa kumi na moja na dakika hamsini, naandika kabla sijashuka. Nimesubiri kule chini ya jengo hadi saa ilipogonga kumi na moja, sheria moja angalau nimeiheshimu. Peke yangu. Kiti cha pembeni nimeweka koti la Erick na kofia juu yake. Ujinga! Nani atadanganyika na koti? Lakini liliniliwaza.

Gari lina jina la Erick. Bima ina jina la Erick. Nikikamatwa, mtihani hakuna, na bima ikichafuka Erick hapewi lori tena. Tutakula nini, koti?

Siku tisa za kazi zimebaki hadi mtihani. Leo ikiisha, nane.

Jumanne, 11 Januari

Nyumbani. Ya leo nayo imepita. Nyuma yangu Steeles lilinifuata gari la polisi kuanzia Bathurst hadi Bayview. Nilisali rozari nzima. Likapinda kulia, likaenda zake.

Mzee kanitazama leo. Hakuuliza nimekuja na nini.

Erick kapiga simu toka Winnipeg. Baridi huko, breki za hewa zinaganda. Kauliza unafikaje kazini. Nikasema Zeena kaelewa. Sasa nimewadanganya pande zote mbili, imebaki Mzee tu.

Sara alikuwa amesimama mlangoni wakati naongea. Simu ilipokatika kaniuliza, kwa Kiswahili. Mtoto huyu ambaye nikimwuliza shikamoo yake iko wapi ananijibu kwa Kiingereza! Kasema: "Mama, gari asubuhi nani anakaa na wewe?" Anaamka. Siku zote hizi nadhani amelala, kumbe kwa Farhat anasimama dirishani ananiangalia nikitoka.

Nikamwambia koti la baba. Alitaka kucheka, uso ukakataa.

Gari leo halikuwaka mara ya kwanza. Mara ya tatu. Baridi, nadhani.

Jumatano, 12 Januari

Niko ndani ya gari na gari limekufa. Mzee Madatali yuko pembeni yangu, mkanda kafunga. Polisi kachukua leseni zetu mbili, kaenda nazo kwenye gari lake hapo nyuma, taa zinazunguka, theluji yote inageuka nyekundu, bluu, nyekundu. Mzee kasema andika, andika chochote, uonekane mtu asiye na wasiwasi. Basi naandika.

Theluji ilianza usiku. Nimetoka Dixon saa kumi na moja na dakika tano, nimeendesha polepole kama mgonjwa, na nimefika, nimefika kabisa! Mtaa wao, kona ya mwisho, ile kali yenye ua mrefu unaoziba macho. Nimekata kona, gari likakohoa, taa zikafifia, kimya. Nikazungusha ufunguo: tik. Hata taa za hatari haziwaki. Giza, nimeziba njia, na atakayekuja kwenye kona ile hanioni mpaka amenigonga.

Kwetu gari likiharibika barabarani kila mtu anajua afanye nini, hata mtoto. Unakata matawi, unayalaza njiani huko nyuma, anayekuja ayaone apunguze mwendo. Sikuwaza kitu kingine. Hata simu sikuikumbuka. Nikashuka natafuta matawi, Markham, Januari! Nikaona miti ya Krismasi. Watu wameitoa nje, imelala pembezoni inasubiri gari la taka. Nikaukamata mmoja shinani, mrefu kunizidi, nyuzi za kumeta bado zimo, nikauburuta hadi nyuma ya kona, nikaulaza katikati ya njia. Nikarudi kuchukua wa pili. Mwenye nyumba kafungua mlango na gauni lake la kulalia, kanitazama, kafunga. Nadhani ndiye aliyepiga simu. Mtu anaburuta mti wa Krismasi barabarani alfajiri, na mimi ningepiga.

Ndipo nikaona ujumbe wa Zeena. Katoka mapema, saa kumi na moja na nusu, kwa ajili ya theluji. Baba amelala, ufunguo upo pale pale. Nikachukua begi niende, nyumba yao ni ya tatu tu kutoka hapa. Mlango wao ukafunguka wenyewe.

Mzee! Na sapatu za ndani, suruali ya kulalia, koti bila vifungo, anasukuma kigari chake cha kutembelea kwenye theluji. Nikakimbia, nikateleza, nikainuka. Nimemfokea. Sijawahi kumfokea. Ngazi umeshukaje, unataka Zeena aniue? Yeye anahema na kucheka. Usingizi hana tangu saa kumi, alikuwa dirishani ghorofani. Kaona mti unalazwa barabarani, wa kwanza, wa pili. Kasema moyoni, huyu si mtu wa hapa. Huyu ni mtu wetu, gari limemfia. Miaka thelathini na nane Kanada, hajaona mtu akifanya hivyo hata mara moja. Kavaa sapatu, katoka.

Gari lilikuwa karibu kuliko nyumba. Nikamwingiza apate pumzi dakika moja nimrudishe, kigari nikakitupa kiti cha nyuma. Dakika hiyo hiyo taa za polisi zikaja. Zilipofika kwenye miti zikapunguza mwendo. Miti imefanya kazi yake.

Mzee kanitazama. Kaona koti la Erick na kofia chini miguuni pake, kaviokota, kaviweka mapajani. Kavuta mkanda, kaufunga. Nikamwambia Mzee, hapana, usinidanganyie. Kasema wewe nyamaza. Mimi polisi wa barabarani nimeishi nao miaka ishirini.

Polisi mwenyewe kijana, mpole. Kauliza kama tumeumia. Kauliza ile miti. Kataka leseni yangu, kaimulika, kauliza na aliyenisindikiza ni nani. Mzee kajibu kwa Kiingereza cha wakubwa: ni yeye, ananifundisha, tumetoka wote Dixon. Katoa leseni mfukoni mwa shati la kulalia. Analala nayo! Gari hana, macho hana, leseni anayo. Anwani yake ni ya nyumba ya zamani, sijui kama bado ni hai, yeye mwenyewe hajui. Polisi kamulika miguu yake, kauliza mbona sapatu. Mzee kasema kwa umri wangu, kijana, viatu ni kazi.

Polisi akatabasamu. Mimi kaniuliza kitu? Hapana. Mimi sijasema neno. Nilitikisa tu kichwa, hata sijui kilitikisika kuelekea wapi.

Anaandika huko nyuma. Namwona kwenye kioo.

Nimemvua Mzee sapatu, zimelowa. Soksi hana! Nimemfunga skafu yangu mguu mmoja, kofia ya Erick mguu wa pili, koti juu ya magoti. Kasema hasikii baridi. Kasema nikifaulu mtihani nimpeleke Niagara, yeye atakaa mbele.

Nje kwenye dirisha lake ipo njia ya magurudumu ya kigari, mistari miwili, na katikati nyayo za sapatu. Inatoka mlangoni kwao moja kwa moja hadi mlango huu. Theluji inaanguka, lakini taratibu mno. Mtu yeyote akishuka na tochi anaisoma.

Bado anaandika. Sasa anaongea na redio.

Nikisema kweli, nimemaliza: mtihani, Zeena, lori la Erick, saa tisa na nusu, basi la njano. Nikinyamaza, mzee wa watu anabeba uongo wangu mbele ya serikali, na miaka yake themanini na tatu. Na ilimradi tunasema katoka Dixon na mimi, hawezi kwenda nyumbani kwake, itajulikana katokea pale. Hapo! Nauona mlango. Umebaki wazi, taa ya jikoni inawaka, joto linatoka nje bure.

Polisi kaacha kuongea.

Nimemuuliza Mzee, uko sawa? Kasema sawa sawa, lakini ulimi mzito. Vidole vyake nimevishika, ni barafu. Nimebonyeza honi yule polisi aje upesi. Hailii, betri. Nimepunga mkono kwenye kioo, kainamia karatasi zake.

Mzee kanishika mkono wa koti. Ananiambia kaa, mama, dakika mbili, atarudi, tumeshamaliza, kaa. Midomo imebadilika rangi. Ni hatua arobaini tu hadi jikoni, na mimi ndiye niliyeajiriwa kumtunza. Nimemfungulia mkanda. Anaufunga tena. Nimemfungulia tena. Nafungua mlango, nakwenda kumwambia huyu polisi kwamba Mzee katoka nyumba ile, na kwamba mimi